Mtoto wa Mchinjaji Jikoni kwa Walutheri

Mimi damu siiwezi. Kuitaja naweza, kuiandika kama hivi naweza, lakini nikiiona inatoka kwenye shingo ya kitu chenye miguu minne, magoti yananiaga. Na baba yangu ni mchinjaji. Kondoa mjini, ukiwa na harusi, hitima au mkutano wa watu wa kula, unamfuata baba yangu, naye anakuja na kisu chake alichokiviringisha kwenye kitambaa cha kijani. Basi fikiria mwenyewe.

Nilizimia nikiwa na miaka kumi, Idi ya kuchinja, mbele ya mtaa mzima. Baba alikuwa amenipa kazi ya kushika miguu ya nyuma ya mbuzi, kazi ya mtoto wa kiume anayefundishwa. Nilipozinduka nilikuwa mkekani kwa wanawake, shangazi ananipepea kwa pindo la kanga, na mbuzi ameshakuwa maini. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Tangu siku ile hakunipa tena mguu wa kushika, akawa ananinunulia madaftari. "Wewe soma," akasema, basi. Wadogo zangu wakashika mbuzi, mimi nikashika kalamu, na moyoni nikajua nimeshafutwa kwenye hesabu ya wanaume wa nyumba ile.

Kwa hiyo nilipopangiwa chuo cha kanisa huku chini ya Mlima Meru, si mbali na Usa River, nilifurahi kupita kiasi, na sababu haikuwa elimu. Nilifurahi kwa kuwa huku hakuna aliyeniona mkekani. Mjomba alitabiri kwamba nitarudi na jina jipya. Mama alilia kidogo, kwa adabu. Baba alinisindikiza stendi, akapakia sanduku langu mwenyewe, akaniambia neno moja tu: "Wakikuuliza kazi ya baba, andika mfanyabiashara."

Nikasema sawa, Baba. Basi likaondoka, nikakaa na neno hilo mpaka Babati.

Wiki ya kwanza chuoni niliteseka na baridi. Jamani, ile baridi ya Meru haibishi hodi! Nilikuwa navaa makoti mawili na kofia yangu ya kufuma juu, natembea peke yangu kati ya migomba na mibuni, nawasikia wenzangu wanacheka vikundi vikundi. Kisha nikaona tangazo kwenye mlango wa bwalo, limeandikwa kwa kalamu nene: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huduma ya wanafunzi ya Kilutheri inawakaribisha wote, wa dini zote, madhehebu yote na wasio na dini. Chai ipo.

Ningeyapinga maneno yote yale, lakini ile "chai ipo" ilinishinda.

Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa na tangawizi, na maandazi makubwa kama viatu. Wakatugawia kila mmoja kadi ya rangi ya waridi tujaze: unatoka wapi, dini au dhehebu, chakula usichokula, kazi ya mzazi, unaweza kutusaidia nini. Kando yangu alikaa kijana wa Dar mwenye saa kubwa. Kwenye kazi ya mzazi akaandika "mkurugenzi", kisha akaigeuza kadi upande wangu kidogo ili niione vizuri. Ala! Mimi nina hasira za karibu, mama yangu anajua. Nikasahau stendi, nikasahau mfanyabiashara, nikaandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka: Mchinjaji. Kondoa nzima hakuna anayemfikia.

Na kwenye swali la mwisho, la kusaidia nini, kwa kiburi kilekile nikaandika: Chochote.

Mchungaji wa wanafunzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Siku ya pili yake alinikuta nje ya maktaba. "Shikamoo, Mchungaji," nikasema, huku najiandaa kubatizwa. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nina pa kuswalia. Nikamwambia naswali chumbani, katikati ya vitanda. Akanishika mkono kama mtoto wake, akanipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya vitabu vya nyimbo. Kimefagiliwa, kina mkeka, na sakafuni kuna mshale wa chaki wa kuonyesha kibla.

"Mlima ukae bega la kushoto," akasema. "Alitupimia mwalimu wa jiografia. Kama tumekosea, turekebishe."

Hawakukosea. Niliswali pale adhuhuri, nikatoka nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyelamba asali.

Huyo mchungaji alikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyonipata. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakaribisha wageni, Walutheri wote wako kanisani asubuhi nzima na ibada yao haina haraka. Sasa nani apike? Wanapika wageni! Wasabato, ambao wameshapumzika Jumamosi yao, wanapasua kuni. Wakatoliki wanawahi misa ya kwanza, wanarudi kumenya ndizi. Wapentekoste wanapewa spika na nyaya, maana kuwanyima spika ni ugomvi. Kuchinja anapewa Mwislamu, ili nyama iliwe na kila mtu. "Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Mchungaji alituambia kwenye chai iliyofuata. "Sisi hapa jembe tunakupa siku ya kwanza. Mtu akishashika kazi ndani ya nyumba, nani atamwita mgeni?"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Kisha akainua kadi ya waridi.

"Na mwaka huu," akasema, "hatumwiti yule mzee wa Usa River anayetuchinjia siku zote. Mwaka huu tuna mchinjaji wa kwetu!"

Bwalo zima likageuka kuniangalia. Mama mkuu wa jiko, Mmeru wa Nkoaranga, mpana wa mabega na mpana wa sauti, alipiga kigelegele akaja kunipima mkono kama anapima mkungu wa ndizi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" akapiga kelele. "Baba yake hakuna anayemfikia, imeandikwa hapa!"

Ningesema pale pale. Ningesema, jamani, mimi nazimia. Maneno matatu tu. Lakini wewe hujawahi kuwa mpweke wiki nzima katika makoti mawili, halafu ghafla watu mia wanakupigia makofi. Nikainuka, nikainama kama rais.

Zilibaki siku sita. Siku ya kwanza nilijifariji kwamba labda mbuzi watapotea. Siku ya pili nilitazama video ya kuchinja kwenye simu, vidole vikiwa vimeziba macho, nikajikuta nimekaa sakafuni bila kujua nimefikaje. Siku ya tatu nilijipa moyo nikaenda ofisini kwa Mchungaji kuungama. Nikakaribishwa kahawa. Akanionyesha orodha ya kazi ukutani; mbele ya neno "kuchinja" ameandika "wa kwetu", amepiga mstari chini mara mbili. Akaniambia mbuzi ni watatu, wametolewa na wazee wa usharika wa mlimani, na kwamba Waislamu wa chuo, miaka yote, walikuwa wakija kula na kuondoka, ila mwaka huu wameuliza waje saa ngapi kusaidia. "Kwa ajili yako," akasema.

Nikanywa kahawa yote mpaka machicha. "Asante, Mchungaji," nikasema, nikatoka. Mwoga mimi! Sikulala. Nilijua kabisa kitakachotokea: nikianguka, sufuria zitakaa tupu, Waislamu wenzangu watarudi vyumbani na njaa, na chuo kizima kitajua kwamba mtoto wa mchinjaji bingwa ni yule wa mkekani. Kondoa ingekuwa imenifuata mpaka Meru.

Jumapili ikafika, saa moja asubuhi. Anga lilikuwa jeupe, mlima umevua mawingu yote kama umekuja kutazama na wenyewe. Nyuma ya jiko palikuwa na vurugu ya raha: shoka za Wasabato zinalia, masufuria yanaburutwa, Wapentekoste wanapima spika, "moja mbili, moja mbili, Bwana asifiwe." Mama mkuu wa jiko alikuwa ameninunulia aproni mpya ya bluu. Alinifunga kwa nyuma mwenyewe, akanizungusha watu wanione. Na kwaya, wallahi sikutunga, kwaya nzima ilikuja na majoho yake kabla ya ibada, ikajipanga mbele ya kibanda cha mbuzi kuniimbia! Sauti ya tatu wako nyuma, mpiga kinanda amekaa kwenye ndoo.

Nikapewa kisu. Nikaelekezwa mlima bega la kushoto. Vijana wawili wakamlaza mbuzi wa kwanza, mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Mbuzi akanitazama. Mimi nikamtazama. Soprano wakapanda juu.

Bismillahi nilisema, hilo naapa. Baada ya hapo nakumbuka majani.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chali, kichwa changu kwenye paja la mama mkuu wa jiko, naye ananinywesha maji ya sukari kwa kijiko. Kwaya imenyamaza. Mbuzi amesimama, mzima wa afya, anatafuna kamba ya aproni yangu.

"Amechinjwa?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyekaribia kuchinjwa," akasema mama. "Kisu kimeangukia sentimita mbili kutoka sikio lako. Mwanangu, kwa nini hukusema?"

Basi yakanitoka yote, pale pale chini, mbele ya kwaya: Idi, mkeka, shangazi, madaftari. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinanitoka. Mchungaji akapiga magoti kwenye majani na joho lake. "Kosa ni letu," akasema. "Tulikuvisha heshima bila kukuuliza kama inakutosha." Kisha akatazama saa. Kengele ya ibada saa tatu, mbuzi watatu wako hai, yule mzee wa Usa River aliambiwa apumzike, amekwenda Moshi kwa mwanawe.

Waislamu wanaume tuliokwishafika tulikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa kaka wa mwaka wa tatu kutoka Ujiji, mtu wa mabishano. Wote wakamgeukia. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi kwetu ni watu wa dagaa," akasema. "Dagaa hachinjwi."

Hapo ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye rundo la ndizi: "Leteni hicho kisu." Alikuwa dada mmoja wa Singida, wa mwaka wa kwanza kama mimi, mwembamba, mwenye hijabu ya zambarau, ambaye darasani sikuwahi kumsikia hata akikohoa. Alisimama akafuta mikono utomvu wa ndizi. "Nyumbani tumezaliwa wasichana sita," akasema. "Baba alifariki tukiwa wadogo. Mlidhani nani alikuwa anatuchinjia?"

Mama mkuu wa jiko akaanza kigelegele, lakini kaka wa Ujiji akainua mkono. Mwanamke hachinji, akasema. Yule dada akamwambia asome vizuri. Kaka akasema amesoma kabla yeye hajazaliwa. Wasabato wakaacha shoka, wakaja kusikiliza. Kila mtu ana lake, na Mchungaji, masikini, hakutaka kuamua jambo lisilo la kwake. "Hapa hatuli nyama yenye wasiwasi," akasema. "Nani anajua kwa hakika?"

Watu, mmoja mmoja, wakanigeukia mimi niliye chini.

Nilijua, ndiyo. Nilimjua anayejua. Namba yake ilikuwa ya kwanza kwenye simu yangu. Lakini kumpigia kulikuwa ni kumwambia kwamba nimeanguka tena, mbele ya watu wengi zaidi ya mara ya kwanza, tena nikiwa nimejitapa kwa jina lake. Niliitazama simu. Nikamtazama yule dada amesimama na mikono yenye utomvu, anangoja kuruhusiwa afanye kazi anayoiweza. Nikasema liwalo na liwe, nikabonyeza, nikaweka sauti ya juu kila mtu asikie.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Asubuhi hii kuna nini? Na ngoma hiyo ya nini?" Maana mpiga kinanda, kwa wasiwasi, alikuwa amegusa kitufe na ngoma ikaanza yenyewe.

"Ni kwaya, Baba. Niko jikoni kwa Walutheri. Kuna mbuzi watatu. Nilipewa kuchinja."

"Ikawaje?"

"Nimezimia."

"Baada ya kukata, au kabla?"

"Kabla."

"Kabla!" akasema baba yangu. "Mara ile angalau damu ulikuwa umeshaiona."

Jiko zima likapasuka kwa kicheko. Mama mkuu alicheka mpaka kichwa changu kikadunda kwenye paja lake. Na mimi nikacheka, maana nilisikia kitu ambacho sikukisikia miaka tisa: baba naye alikuwa anacheka. Nikamweleza habari ya dada wa Singida. Akauliza maswali kama daktari. Ni Mwislamu? Ndiyo. Ana akili zake? Kutuzidi sote. Kisu kikali? Kimekaribia kunitoa sikio. Anajua kutaja jina la Mwenyezi Mungu?

"Anajua," yule dada akajibu mwenyewe.

"Basi mnangoja nini? Halali kabisa. Mama yangu mzazi ndiye aliyenifundisha kazi hii."

Hilo sikuwahi kulijua. Kaka wa Ujiji akachukua shoka, akaenda kupasua kuni kwa bidii ambayo haikuombwa.

"Lakini ngojeni," baba akasema. "Hao watu wamejuaje kwamba mimi ni mchinjaji?"

Kabla sijajibu, Mchungaji akaichukua simu mkononi mwangu. Akamsalimia, akamwambia yeye ndiye mwenye lawama, kisha akatoa kadi ya waridi mfukoni mwa joho na kuisoma taratibu, kama anavyosoma neno la Jumapili: "Anatoka Kondoa. Mwislamu. Kazi ya mzazi: Mchinjaji. Kondoa nzima hakuna anayemfikia."

Nikadhani mtandao umekatika. Hata mbuzi aliacha kutafuna.

"Nilimwambia aandike mfanyabiashara," baba akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani anaionea aibu kazi yangu. Tangu siku ile, nilidhani inamchukiza. Ndiyo maana nikamwambia asome."

"Hakuandika hivyo, Mzee," akasema Mchungaji. "Na kalamu imetoboa karatasi."

Baba akakohoa. Akakohoa tena. "Na mwandiko wake ule mbaya, mmeuweza?"

"Kwa shida."

Nilikaa kitako pale kwenye majani, na aproni yangu iliyotafunwa, nalia waziwazi mbele ya sauti zote nne za kwaya, na sikujali hata kidogo. Miaka tisa! Mimi nadhani nimefutwa, yeye anadhani amekataliwa, na katikati yetu ni madaftari tu. Nilijisikia mwepesi, ningeweza kupeperushwa mpaka kwenye maziwa ya Momela.

Baba akasafisha koo, akarudi kazini. Akamwambia dada wa Singida asimwonyeshe mbuzi kisu, asimchinje mmoja mbele ya wenzake, mkono uwe wa mara moja. Dada akaitikia, "Ndiyo, Baba," kama vile ni babake. Akasimama mahali pake, mlima bega la kushoto.

"Na wewe," baba akaniambia.

"Naam, Baba."

"Shika miguu ya nyuma. Fumba macho kama unataka, lakini shika."

Nikatambaa mpaka kwa yule mbuzi mweupe. Mama mkuu wa jiko akanishika mabega kwa nyuma ili nikienda chini, niende naye. Nikafumba macho kwa nguvu zote. Simu ilikuwa kwenye majani karibu na goti langu, bado iko hewani.

"Umeshika?"

"Nimeshika, Baba."

Dada akasema Bismillahi, kwaya wakaanza upya kutoka mwanzo, na mimi sikuachia.